Kugawa Diski Kabla ya Kwenda Uwandani: Somo la Linux kwa Wanaisimu

Mwanaisimu anayekwenda Kasongo au Kabambare, kusini mwa Maniema, hubeba katika kompyuta moja vitu viwili visivyolingana thamani. Kimoja ni programu: mfumo endeshi, Praat, ELAN. Zikiharibika, husakinishwa upya. Kingine ni sauti za watu aliowarekodi. Hizo zikipotea, msimulizi huenda asiwepo tena siku ya kurudi. Makala hii inaeleza jinsi ya kuvitenganisha viwili hivyo siku ileile ya kusakinisha Linux kwa mara ya kwanza.

Mahali penyewe panadai tahadhari hiyo. Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip, na Kabambare kituo cha misafara iliyopita kati yake na Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo Kiswahili kimeishi huko tangu karne ya 19, bega kwa bega na lugha kama Kizimba na Kibangubangu. Kibangubangu, D27 katika uainishaji wa Guthrie, kiliandikiwa muhtasari wa sarufi na A. E. Meeussen mwaka 1954. Lakini kitabu hakimpi msomaji toni kama anavyozisikia kwa msemaji. Ndiyo maana tunarekodi. Na kompyuta ikigoma Kabambare, ambako umeme mara nyingi ni wa paneli ya jua na intaneti ni ya kubahatisha, fundi ni wewe.

Kwanza, istilahi. Wapo wanaotumia neno kizigeu. Mimi nashauri sehemu. Kizigeu ni ukuta unaokigawa chumba, ilhali tunachokitaja hapa si ukuta, bali vyumba vinavyopatikana baada ya kuujenga. Kila chumba kina mlango wake na kinaweza kufagiliwa bila kugusa cha jirani. Kufomati ndiko kufagia huko, nako hakubakizi kitu.

Pili, hesabu. Kurekodi kwa hezi 48,000, biti 24 na chaneli mbili hutumia baiti 288,000 kila sekunde, yaani takriban GB 1.04 kwa saa. Saa 200 za masimulizi zinahitaji karibu GB 207. Kompyuta yenye diski ya GB 500, ambayo Windows huionyesha kama GB 465 hivi, naigawa hivi: GB 165 zinabaki kwa Windows, GB 50 ni za mfumo wa Linux, na GB 250 ni za kazi yangu. Sehemu ya mfumo hupachikwa kwenye mzizi, unaoandikwa kwa mkwaju mmoja, /. Sehemu ya kazi hupachikwa kwenye /home. Zote mbili nazifomati kwa ext4. Sehemu ndogo ya EFI, inayotumika kuwasha kompyuta, huwa ipo tayari: itumie, usiifomati.

Tatu, mpangilio wa hatua. Nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje kabla ya jambo lolote. Ukiwa ndani ya Windows, zima uwashaji wa haraka, andika pembeni ufunguo wa BitLocker kama diski imefungwa kwa msimbo, kisha punguza sehemu ya Windows kwa kutumia kisimamizi chake cha diski. Nafasi iliyoachwa iache tupu. Hapo ndipo uwashe kompyuta kwa flashi yenye Linux, uchague kugawa diski kwa mkono, na uziumbe sehemu zako mbili katika nafasi hiyo tupu.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali, changanua majina kama unavyochanganua kitenzi. Katika sda3, sd ni aina ya kifaa, a ni diski ya kwanza, 3 ni sehemu ya tatu. Sdb2 basi ni sehemu ya pili ya diski ya pili, ambayo huenda ni flashi yako au diski ya nje yenye nakala. Katika nvme0n1p3, sehemu ya tatu huonyeshwa na p3. Kiambishi kimoja kikikosewa, sentensi hubadilika maana. Hapa hufutika diski nzima. Ukubwa ulioandikwa kando ya jina ni shahidi wa pili: diski ya GB 500 haiwezi kuwa flashi ya GB 16.

Faida ya mgawanyo huu huonekana siku mfumo unapokataa kuwaka. Kwa flashi ileile, bila intaneti, unasakinisha Linux upya: unaifomati sehemu ya mzizi, unaipachika ile ya pili kwenye /home kama awali, na hapo kwenye swali la kufomati huweki alama. Tumia jina lilelile la mtumiaji. Programu za ziada utazirudisha, kwa hiyo beba visakinishi vyake kwenye flashi nyingine. Rekodi zako utazikuta zilipokuwa.

Hata hivyo, vyumba vyote vimo katika nyumba moja. Diski ikifa, kompyuta ikiibwa au ikilowa, mzizi na /home huondoka pamoja. Kugawa diski hukulinda dhidi ya mfumo kuharibika tu. Kwa hiyo kila jioni nakala moja iende kwenye diski ya nje, na diski hiyo isisafiri katika mfuko mmoja na kompyuta. Kama sehemu yake imefomatiwa kwa FAT32, ibadilishe iwe exFAT ingali tupu: FAT32 haipokei faili lililozidi GB 4, ambalo kwa vipimo vyetu ni rekodi ya saa nne hivi. Mzee anayesimulia asili ya ukoo wake anaweza kuzifikisha, na hatupaswi kumkatiza kwa sababu ya fomati.