Kufundisha Thamani ya Uchunguzi wa Miamba: Somo la Darasa la Sita

Mwalimu afundishaye Jiografia mkoani Singida hana haja ya kutafuta vielelezo mbali. Majabali ya matale, yaani graniti, yameuzunguka mji. Na maziwa ya Singidani na Kindai yana maji ya chumvi. Katika makala haya tunapendekeza jinsi ya kuyatumia mazingira hayo kuwafahamisha wanafunzi kwa nini taifa hugharimia uchunguzi wa miamba, ingawa faida yake huchelewa kuonekana.

Maarifa ya mwalimu

Idara ya Jiolojia ya Tanganyika iliundwa mwaka 1925. Leo kazi yake inaendelezwa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, yenye makao yake Dodoma. Nchi iligawanywa katika miraba ya nusu digrii kwa nusu digrii, na wajiolojia wakaipita mraba baada ya mraba, wakikusanya mawe na kuchora ramani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, ndege zilipima usumaku na mnururisho wa miamba kutoka angani. Vipimo hivyo vimewafaa hata watafiti ambao wakati huo walikuwa hawajazaliwa.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba kazi hii ni ya kutafuta dhahabu tu. Dhana hiyo ina chimbuko lake: dhahabu ya Sekenke, wilayani Iramba, ilichimbwa tangu enzi ya Wajerumani, na mwaka 1916 ilitengenezewa sarafu za rupia 15 huko Tabora. Lakini dhahabu ikishachimbwa huisha, ilhali ramani hubaki.

Ramani hiyohiyo huwafaa pia watafutao maji. Jabali zima la matale halihifadhi maji; maji hukaa katika nyufa zake na katika tabaka la mawe yaliyooza juu yake. Kwa hiyo, hata kumbukumbu ya kisima kilichotoka kikavu ni mali ya umma, kwa kuwa huwaepusha wengine kupoteza fedha na nguvu mahali palepale. Tena, baadhi ya visima vya Singida vina floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi haionekani kwa macho, na kuchemsha maji hakuiondoi. Ikizidi huwatia watoto madoa ya meno, na hatimaye hudhuru mifupa.

Hatua za somo

1. Waulize wanafunzi: "Kwa nini kisima kimoja hukauka na cha jirani kisikauke?" Yaandike majibu yote ubaoni bila kuyasahihisha.

2. Wagawe katika vikundi. Kila kikundi kiwahoji wazee kuhusu kisima kimoja: kilichimbwa lini, kina kina gani, hukauka mwezi gani, na mawe gani yalitolewa. Wasishuke kisimani, wala wasionje maji yasiyotumiwa.

3. Darasa lichore ramani moja ya kijiji, na kuonyesha visima vyenye maji na vilivyo vikavu kwa alama tofauti.

4. Rudini kwenye majibu ya ubaoni. Wanafunzi waseme yapi yanathibitishwa na ramani, na yapi bado yanahitaji kupimwa na wataalamu.

5. Ramani itiwe tarehe na kuhifadhiwa shuleni. Darasa la mwaka ufuatao liiendeleze, lisianze upya.

Hatua ya tano ndiyo kiini cha somo. Mwanafunzi aonapo kazi ya waliomtangulia ikimsaidia, na yake ikiwangoja watakaomfuata, huelewa uchunguzi wa taifa bila maelezo marefu. Tusiwape wanafunzi tamaa ya utajiri uliofichika ardhini. Tuwape mazoea ya kupima, kuandika na kutunza.

Zoezi la wanachuo

Andaa maswali matatu yatakayomwezesha mwanafunzi kueleza kwa nini kumbukumbu ya kisima kikavu haifai kutupwa.