Ukali wa Mazoezi na Pumzi ya Msichana: Funzo la Barabara ya Raskazone

Uwezo wa pumzi, yaani kiasi cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukipokea na kukitumia kwa dakika moja, huongezeka pale mwili unapolazimishwa kufanya kazi zaidi kuliko ulivyozoea. Ndiyo maana msichana anayetembea kila jioni kwa mwendo uleule kandokando ya bahari ya Raskazone, jijini Tanga, hunufaika mwanzoni, kisha pumzi yake hukwama palepale. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2020, linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali.

Kigumu ni kuutambua ukali wenyewe. Wauza saa za kupimia mapigo ya moyo hunadi bidhaa zao kana kwamba bila saa hakuna mazoezi, ilhali kanuni iliyozoeleka ya kutoa umri katika 220 humpa mwenye miaka 22 kikomo cha mapigo 198 kwa dakika, na ile ya Tanaka na wenzake ya mwaka 2001 (208 kutoa asilimia 70 ya umri) humpa takriban 193, zote zikiwa wastani tu. Tena saa haijui joto la kaskazi: joto na unyevu vikizidi, jasho halikauki, damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi kuupoza mwili, na moyo hudunda haraka ingawa miguu haijaongeza kasi, hasa chini ya baibui.

Kipimo cha maneno ni bora zaidi. Anayeweza kusema sentensi nzima lakini hawezi kuimba yumo katika ukali wa wastani. Anayekatikiwa na pumzi baada ya maneno matatu au manne yumo katika ukali wa juu. Tatizo ni kwamba wasichana hukimbia wawiliwawili, umbea ukakolea, na kabla ya kufika klabu ya kuogelea ya hapo Raskazone kasi imeshuka hadi mwendo wa kumsindikiza bibi harusi. Dawa yake ni kuhamishia hadithi kwenye mapumziko: dakika nne za kukimbia kwa nguvu, ambapo mkimbiaji anayeweza kuhesabu hadi kumi kwa pumzi moja huongeza kasi, kisha dakika tatu za kutembea na kusimulia, mara nne, siku mbili kwa wiki. Helgerud na wenzake, nchini Norwei mwaka 2007, waliona kuwa mpango wa namna hiyo uliongeza pumzi zaidi kuliko mbio ndefu za polepole zenye jumla ileile ya kazi, ingawa waliopimwa walikuwa wanaume.

Kwa wanawake, hedhi nzito hupunguza madini ya chuma, na madini hayo yakipungua sana, damu hubeba oksijeni kidogo. Pumzi isipoongezeka licha ya juhudi, kipimo cha damu katika Hospitali ya Bombo, papo hapo Tanga, kina faida zaidi kuliko saa yoyote.