Chakula Kinapokwama Kooni

Pengine twaketi chakulani na mama anayetafuna sana, anywaye maji kwa kila tonge, na mwisho huacha ugali na nyama, akitaka uji tu. Watu hunena, “Anachagua chakula.” Naye huona haya, hunyamaza. Yafaa tujue ya kuwa huenda asili ya shida yake imo katika damu.

Mwaka 1919 waganga wawili wa Uingereza, Paterson na Brown Kelly, walieleza habari za wagonjwa wa namna hii. Plummer na Vinson wa Marekani nao waliuchunguza ugonjwa huo huo, na hata leo huitwa kwa majina yao. Huwapata hasa wanawake wa makamo.

Mwili ukikosa madini ya chuma siku nyingi, damu hupungua, na ngozi laini ya kinywa na koo hudhoofika. Kwa wengine utando mwembamba hutokea sehemu ya juu ya umio, ndiyo njia ya chakula, ukaisonga. Hapo chakula kigumu hukwama, bali maji hupita. Dalili nyingine ni hizi: uchovu, ulimi kuwa laini na kuuma, pembe za midomo kupasuka, na kucha kubonyea mfano wa kijiko.

Zamani wanawake wengi wa kaskazini ya Uswidi waliugua hivi. Tangu miaka ya 1940 hata 1995 unga wa huko ulitiwa madini ya chuma. Matibabu na chakula pia vilikuwa bora, na ugonjwa ukawa haba.

Basi mgonjwa na aende hospitali, apimwe damu na kuangaliwa koo. Dawa ya chuma huwaponya wengi. Utando ukizidi, mganga huipanua njia. Tena yapasa kutafuta sababu ya upungufu: hedhi nyingi, uzazi wa mfululizo, safura, au kidonda cha tumbo kitoacho damu. Maini, nyama, maharagwe na mboga za majani husaidia; lakini chai isinywewe pamoja na chakula, maana huzuia chuma kuingia mwilini.

Tusikawie, kwa kuwa ugonjwa huu waweza kutangulia saratani ya koo au ya umio. Tena si kila kukwama kwa chakula asili yake ni damu. Tukimwona mwenzetu akihangaika na tonge lake, tusimcheke, bali tumsindikize kwa mganga.