Kona ya Dada: Mdogo wangu, mafiga matatu hayatoshi

Barua ya mume anayelewa na ile ya mkopo wa kikundi nimeziweka pembeni kidogo. Zamu yake inakuja. Leo nimeshika karatasi iliyochanwa kwenye daftari la vipimo. Nyuma yake pameandikwa "kiuno 32, bega 15". Imetoka Choma cha Nkola, kule kwetu Igunga, na nimeisoma mara tatu. Nimeona niijibu mbele yenu wote, maana najua mwenye swali hili si mmoja.

"Shikamoo dada. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 23, nimebatizwa tangu utotoni. Barazani tunaposhonea mwenzangu ni Mwislamu na tunapendana sana. Juzi aliniuliza, kwa upole tu: Yesu akiwa ni Mungu, kule bustanini usiku ule alikuwa anamwomba nani? Nikakosa jibu. Siku ya mnada nikakutana na Mashahidi wa Yehova, wakaniambia neno Utatu halimo kwenye Biblia. Nimetafuta, kweli halimo. Nilipomuuliza mwalimu wangu wa dini akasema hilo ni fumbo, nisiulize sana. Dada, siku hizi nikifanya ishara ya msalaba mkono unakuwa mzito. Naona natamka nisichokijua. Je, nimeanza kukufuru?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza shusha pumzi: hujakufuru. Unasumbuka kwa sababu unataka unachotamka kiwe kweli moyoni mwako, na hilo ni jambo jema kabisa.

Tuanze na hilo neno "fumbo". Mwalimu wako hakusema uongo, ila aliishia njiani. Kwetu fumbo hufumbwa ili lifumbuliwe. Kanisa likiuita Utatu fumbo, halisemi usiguse. Linasema utafumbua, utaona, na bado kitabaki cha kufumbua, kwa sababu unayemtazama ni Mungu mwenyewe. Kwa hiyo uliza, tena uliza sana.

Mimi nilifundishwa kwa mafiga. Mwalimu alichora chini kwa kijiti: mafiga matatu, chungu kimoja. Tulifurahi, maana kila mmoja wetu alikuwa ametoka kwenye jiko la namna hiyo asubuhi ile. Miaka mingi baadaye nilikuwa kwa shangazi, nimeinjika maji ya ugali wa mtama, figa moja likateleza. Chungu kikalala upande, maji yakamwagikia motoni, majivu yakaruka hadi usoni. Nikabaki na mwiko mkononi nikiwaza: kumbe kila figa lilibeba theluthi tu! Mungu hana theluthi. Baba ni Mungu kamili, Mwana ni Mungu kamili, Roho Mtakatifu ni Mungu kamili, na Mungu ni mmoja.

Wengine watakupa mfano wa maji, barafu na mvuke. Nao una tundu lake, maana unamfanya Mungu kama mtu mmoja anayebadili nguo: sasa Baba, baadaye Mwana, kisha Roho. Soma Mathayo sura ya 3. Yesu yuko mtoni Yordani, Roho anamshukia, sauti ya Baba inasikika, yote saa ileile. Mifano inakusogeza mlangoni tu, mdogo wangu. Ukifika, iache hapo.

Kinachosaidia zaidi kimo ndani ya Kiswahili chenyewe. Tuna maneno mawili madogo, "nini" na "nani". Uliza habari za Baba, Mwana na Roho: ni nini? Jibu ni moja: Mungu. Uliza: ni nani? Majibu ni matatu, na hao ndio tunaowaita nafsi tatu. Hesabu ingegoma kama tungesema miungu mitatu ni Mungu mmoja, au nafsi tatu ni nafsi moja. Hatusemi hivyo. Ila angalia usije ukafikiri ni kama mimi, wewe na shoga yako, ambao sote ni wanadamu lakini kila mmoja ana maisha yake. Mmoja akilala njaa, mwingine anaweza kuwa ameshiba. Uhai wa Mungu haugawanyiki hivyo. Ni mmoja, na nafsi zote tatu zinao wote.

Lakini sikiliza, hesabu siyo mlango wa kuingilia. Mitume hawakukaa chini na kalamu kutafuta moja na tatu. Walikuwa Wayahudi waliofundishwa tangu utotoni kwamba Mungu ni mmoja tu. Wakakutana na Yesu. Wakamwona akisamehe dhambi kwa mamlaka yake mwenyewe. Wakamwona amekufa, kisha wakamwona mzima. Tomaso, aliyekataa kuamini mpaka aone makovu, mwishoni alimwita Bwana wake na Mungu wake, na Yesu hakumkatalia. Swali lao lilikuwa: huyu ni nani?

Nikueleze kwa nini swali hilo linanigusa hadi leo. Mama alipofariki, rambirambi zilifika nyingi kwa simu, na nilizishukuru, kwa sababu msiba una gharama zake. Lakini alikuwepo mama mmoja aliyetembea kutoka Ziba na kiroba cha michembe kichwani. Alikuja akakaa nami kwenye mkeka usiku kucha, hakusema maneno kumi. Kuna majonzi ambayo hayataki mtu atumwe. Yanataka mwenyewe aje. Hapo ndipo imani yetu inaposimama au kuanguka. Kama Yesu si Mungu, basi Mungu alipotuona tunakufa alimtuma mwingine aumie kwa niaba yake, yeye akabaki mbali. Kama Yesu ni Mungu, basi mwenyewe alikuja, akakaa mkekani petu, akaonja kifo chetu. Kanisa liliugombania Utatu ili tusinyang'anywe habari hiyo.

Na miongoni mwa waliougombania mapema walikuwepo watu wa bara letu. Arius, padre wa Alexandria huko Misri, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, bora kuliko viumbe vyote lakini kiumbe. Mwaka 325 maaskofu wakakutana Nikea, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, wakakiri kwamba Mwana amezaliwa na Baba, hakuumbwa, na ana umungu uleule wa Baba. Athanasius, aliyekuja kuwa askofu wa Alexandria, aliilinda imani hiyo mpaka akafukuzwa mjini kwake mara tano. Mwaka 381, kule Konstantinopoli, maaskofu wakaikamilisha kwa kumkiri Roho Mtakatifu kuwa wa kuabudiwa pamoja na Baba na Mwana.

Wewe fundi utaielewa tofauti ya kuzaliwa na kuumbwa kuliko wasomi wengi. Gauni ulilolishona jana ni kazi ya mikono yako. Ni zuri, lina alama yako, lakini si mtu. Siku ukijaliwa mtoto, yeye atakuwa mtu kama wewe, hatakuwa na utu pungufu. Unachokishona ni kingine, unayemzaa ni wa asili yako. Arius alisema Mwana ni kama gauni, Nikea ikasema ni Mwana kweli. Tofauti na kuzaa kwetu ni kwamba kwa Mungu hakuna kabla na baada: Baba hajawahi kuwa bila Mwana.

Huenda mtu akakuambia hayo ni mambo ya Wazungu. Mwambie neno la Kilatini la Utatu tunalipata kwanza kwa Tertullian wa Karthago, huko Tunisia ya leo, na Augustine aliyeandika vitabu 15 juu ya Utatu alikuwa askofu wa Hippo, Algeria. Nayo imani hiyo ilifikaje kwetu? Juni 1878, wamisionari walioitwa Mapadre Weupe, waliotumwa na Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, walitoka Bagamoyo na msafara kuelekea bara. Mmoja wao, Padre Pascal, alifia njiani. Njia ile ya misafara iliyopita Tabora ilikuwa ya mabega ya Wanyamwezi. Bila wapagazi hakuna kitabu wala sanduku lililofika. Miaka michache baadaye Lavigerie akawa pia Askofu Mkuu wa Karthago, mji uleule wa Tertullian. Unaona duara hilo? Imani iliyochambuliwa kaskazini mwa Afrika ilifika kwetu juu ya mabega ya Waafrika. Wala haikutuongezea mungu wa pili na wa tatu. Wazee wetu walishamjua Mungu mmoja, wakamwita Likube.

Sasa tumjibu shoga yako. Alimwomba nani? Alimwomba Baba. Mwana si Baba, ni nafsi mbili, kwa hiyo Mwana kuzungumza na Baba si kujisemesha mwenyewe. Tena Mwana alitwaa ubinadamu wetu kweli, akaona njaa, akachoka, akaogopa kifo, na mwanadamu wa kweli huomba. Mtaguso wa Kalkedoni wa mwaka 451 ulilisema hivi: Kristo ni mmoja, Mungu kweli na mtu kweli. Aliposema Baba ni mkuu kuliko yeye, alisema akiwa katika unyenyekevu huo anaoueleza Paulo kwa Wafilipi sura ya 2, wa kushuka na kuchukua hali ya mtumwa. Aliyeshuka kisimani kumtoa mtoto yuko chini ya aliyebaki juu na kamba, lakini hajapungua chochote kwa asili.

Rafiki yako anaweza kuwa na wasiwasi mwingine, kwamba kumwita Yesu Mwana ni kusema Mungu ana mke. Mwambie wazi kwamba hakuna Mkristo anayeamini hivyo. Hata Kiswahili kinajua kwamba "mwana" si wa tumbo tu: mwananchi hakuzaliwa na nchi, mwanasheria hakuzaliwa na sheria. Kwa Yesu neno hilo lina uzito zaidi, kwa kuwa ni Mwana kwa asili, lakini mke hayumo. Mweleze kwa upole kama alivyokuuliza. Tangu miaka ya 1980 miji yetu imeona mihadhara ya viwanjani, vipaza sauti, Biblia na Kurani zikishindanishwa, na majirani wakirudi nyumbani hawasalimiani. Baraza lako la cherehani lisiwe kiwanja cha hivyo. Yeye anamheshimu Isa bin Mariamu kama nabii, wewe unamwabudu kama Bwana. Hiyo ni tofauti kubwa, msiifiche. Semeni ukweli, kisha mkopeshane uzi kama kawaida.

Na wale wa mnadani? Wamesema kweli kwamba neno Utatu halimo kwenye Biblia. Lakini jambo lenyewe limo. Yohana anaifungua Injili yake kwa kusema kwamba Neno alikuwako kwa Mungu na alikuwa Mungu. Paulo anamaliza waraka wa pili kwa Wakorintho kwa kuwatakia neema ya Kristo, upendo wa Mungu na ushirika wa Roho. Neno Utatu ni kibuyu. Asali ilikuwepo kabla mtu hajatafuta kibuyu cha kuibebea. Ndiyo maana Mkatoliki wa Ndala, Mmoraviani wa Sikonge na Mpentekoste wa Nkinga, pamoja na tofauti zao zote, wanaikiri imani hii moja.

Mambo mawili ya kufanya. Soma Injili ya Yohana, sura moja kwa siku, zipo 21, na kila siku jiulize swali la mitume: huyu ni nani? La pili, rudi kwa mwalimu wako, au mtafute padre, mchungaji au katekista mwenye subira, ukae naye. Usione haya kuchukua muda. Lavigerie aliagiza wanaotaka ubatizo wafundishwe miaka minne, na wazee wetu walisubiri hiyo minne. Wewe umejilaumu kwa kukosa jibu la mchana mmoja.

Halafu ule mkono mzito. Kesho asubuhi, kabla hujakanyaga cherehani, fanya ishara ya msalaba polepole na usikilize neno la kwanza kabisa. Unasema "kwa jina", husemi "kwa majina". Yesu alipowatuma wanafunzi wake kubatiza, mwishoni mwa Mathayo, alitaja jina hilo moja, kisha Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Umoja na Utatu wote umo humo, na umekuwa ukiutamka tangu ukiwa mtoto. Na mkono ukipita kifuani, kumbuka kwamba huyo unayemtaja hakutuma rambirambi. Alikuja mwenyewe.

Niandikie tena, mdogo wangu, hata kwenye karatasi ya vipimo. Msalimie na shoga yako.

Dada yenu