Ardhi Nayo Yataka Kupumzika

Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba shamba lililofyekwa ni alama ya bidii, na kichaka ni alama ya uvivu. Kwa hiyo mtu akishauriwa kuacha sehemu ya ardhi ili miti imee tena, huona kana kwamba ameambiwa aitupe. Yatupasa kulichungua neno hili, na mfano mwema tunao hapa nchini, katika Shinyanga.

Tangu miaka ya 1920 mapori ya Usukuma yalifyekwa sana ili kuwaondoa mbung'o waletao malale. Yakafuata mashamba ya pamba na makundi makubwa ya ng'ombe, hata mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mwanzoni nguvu nyingi ilitiwa katika kupanda miche ya vitaluni. Kisha mpango ukaigeukia desturi ya Wasukuma wenyewe, iitwayo ngitili. Desturi hiyo ni hii: mvua zinapoanza, sehemu ya malisho hufungwa, mifugo isiingie. Kiangazi kikizidi, hufunguliwa, nyasi ziwafae ndama na maksai. Humo ndani visiki na mizizi iliyosalia hai huchipua, na miti hurudi bila kupandwa.

Desturi hii ilififia hasa watu walipohamishiwa katika vijiji miaka ya 1970, wakaziacha ngitili zao nyuma. Mwaka 1986 zilizojulikana zilikuwa hektari 600 hivi tu. Mpango ulipokwisha mwaka 2004, zilipita hektari 300,000.

Je, siri yake ni nini? Si amri kutoka juu. Wanakijiji walikubaliana wenyewe ni wapi pafungwe na ni lini pafunguliwe. Mambo yakasemwa hadharani katika dagashida, baraza lao la jadi. Sungusungu wakalinda, na mvunja sheria akatozwa faini. Watu hukitunza walichokiamua.

Hatusemi kwamba hapana gharama. Pori likirudi, wanyama waharibifu nao hurudi. Tena, mwenye ng'ombe wengi aweza kunufaika kuliko jirani yake asiye na hata mmoja. Manung'uniko ya namna hiyo si ujinga, nayo hayana budi kusikilizwa kabla ya mipaka kuwekwa. Maana msitu uliofungwa kwa kuwanyima maskini hautadumu.

Lakini tusikae na macho ya zamani. Kichaka kilichotunzwa hutoa kuni karibu na nyumba, dawa, asali, matunda, miti ya kujengea na malisho ya wakati wa ukame. Basi wazee wa kila kijiji na waketi pamoja na vijana, akina mama wasiachwe nje, waulizane: ni kipande gani cha ardhi yetu kilichochoka, na ni nani atakayepungukiwa tukikipumzisha? Jibu la swali la pili likipatikana kwa haki, la kwanza halitakuwa gumu.