JINSI KIINGEREZA KILIVYOPATA MANENO YAKE

Watu wengi hudhani ya kuwa Kiingereza kimekuwa tangu kale kama kilivyo leo, lugha kubwa yenye maneno ya kila namna. Walakini sivyo. Hapo mwanzo kilikuwa lugha ya makabila machache ya wakulima na mabaharia, na sehemu kubwa ya maneno yake yametoka kwa wageni. Somo hili laeleza wageni hao walikuwa nani, na kila mmoja aliacha nini.

Zamani kisiwa cha Britania kilikaliwa na Wabritoni, ambao lugha yao ni jamaa ya lugha ya Wales. Warumi wakaja kuwatawala mwaka 43 baada ya Kristo, wakakaa mpaka karibu na mwaka 410. Walipokwisha kuondoka, yalivuka bahari makabila mengine kutoka nchi ambazo leo ni Ujerumani ya kaskazini na Denmark: Waangli, Wasaksoni na Wajuti. Jina la Waingereza limetokana na hao Waangli. Maneno yao ni yale ya nyumbani na shambani: “house” ni nyumba, “bread” ni mkate, “water” ni maji, “mother” ni mama, “eat” ni kula. Maneno hayo ndiyo msingi wa Kiingereza hata leo.

Mwaka 597 mmisionari Augustino, aliyetumwa na Papa Gregori wa Roma, alifika Kent. Dini na elimu zikaleta maneno ya Kilatini, na baadhi yake Walatini wenyewe walikuwa wameyapata kwa Wayunani. “Bishop” ni askofu, na “altar” ni madhabahu. Tena lipo neno “school”. Kwa Wayunani neno hilo lilikuwa na maana ya nafasi ya kupumzika na kazi, na baadaye likawa na maana ya mahali pa kujifunza. Warumi wakalichukua, kwa Warumi likafika kwa Waingereza, na kwa Wajerumani pia. Waswahili nao wakalipata kwa Wajerumani: ndilo “shule”. Basi “school” na “shule” ni ndugu, babu yao mmoja.

Baada ya hayo wakaja watu wa Denmark na Norwe. Mwaka 793 waliteka nyara nyumba ya watawa katika kisiwa cha Lindisfarne, na kwa miaka mingi watu waliwaogopa. Lakini hatimaye wengi wao walikaa, wakalima, wakaoa. Lugha yao ilikuwa karibu na ya wenyeji, hata maneno yakachanganyika. “Sky”, yaani mbingu, ni lao. “Egg”, yaani yai, ni lao. Hata “they”, yaani wao, ni lao.

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka kutoka Ufaransa, akamshinda mfalme Harold katika vita vya Hastings. Tangu hapo mfalme, wakuu na waamuzi walisema Kifaransa. Kiingereza kikabaki kwa wakulima na watumishi, nacho kikadharauliwa. Alama ya mambo hayo imo katika lugha mpaka sasa. Mnyama akiwa hai malishoni, jina lake ni la Kiingereza cha asili: ng'ombe ni “ox”, kondoo ni “sheep”. Nyama yake ikiwa mezani, jina ni la Kifaransa: “beef” na “mutton”. Vivyo hivyo “judge”, mwamuzi, na “prison”, gereza, yametoka kwa Wafaransa, pamoja na maelfu ya maneno mengine.

Je, Kiingereza kilikufa? La. Akina mama waliendelea kuwafundisha watoto wao maneno ya jikoni, na taratibu wajukuu wa wakuu nao wakakisema. Mwaka 1362 Bunge lilitoa sheria ya kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakufahamu Kifaransa. Na ajabu ni hii: sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa!

Mwaka 1476 William Caxton alileta Uingereza mtambo wa kwanza wa kupiga chapa. Mwaka 1490 aliandika hadithi ya wafanyabiashara waliokwama katika mto Thames kwa kukosa upepo. Walishuka pwani ya Kent, na mmoja akamwomba mwanamke mayai, akitumia neno “egges”. Mwanamke akajibu ya kuwa yeye hajui Kifaransa. Yule mtu akakasirika, maana yeye naye hakujua Kifaransa. Mwenzake akataja “eyren”, neno la kale la Waingereza, na mara mwanamke akafahamu. Kumbe neno lililoonekana geni lilikuwa la watu wa Denmark na Norwe, nalo limedumu. La asili limepotea.

Walikuwako wataalamu walioona maneno ya kigeni kuwa ni aibu. Mwaka 1557 John Cheke, aliyekuwa mwalimu wa mfalme Edward wa Sita, aliandika kwamba Kiingereza kiandikwe kikiwa safi, kisichochanganyika na lugha nyingine, kwa maana mwenye kukopa daima asilipe hufilisika. Alipotafsiri Injili ya Mathayo, akida wa askari mia alimwita “hundreder”, kwa kuwa “hundred” ni mia. Watu hawakulifuata, husema “centurion”, neno la Kilatini. Na katika maneno yake ya kudai usafi, Cheke aliandika “pure”, yaani safi, na neno hilo lilitoka Ufaransa.

Kukopa neno si kama kukopa fedha, kwa sababu mwenye neno hapungukiwi. Waarabu wana “safar” yao. Waswahili wana “safari” yao. Na Waingereza wamechukua “safari” kwa Waswahili, wala hakuna aliyepoteza kitu. Lugha haifi kwa kupokea wageni. Hufa watoto wake wakiona haya kuisema.

MASWALI

1. Kwa nini Kiingereza kina jina moja la mnyama na jina jingine la nyama yake?
2. Eleza njia ambayo neno “shule” limepita.
3. Mwanamke wa Kent alikosea jambo gani?
4. Taja maneno matano unayotumia nyumbani yaliyotoka katika lugha nyingine.