Ukichora Fomu, Lipime Swali la Jinsi

Mtendaji wa kijiji, mwalimu au katibu wa kikoba hapa Ndalambo, karibu kila fomu anayoishika ina visanduku viwili: Me na Ke. Fomu za serikali zijaze zilivyo. Ila ukichora ya kwako, jiulize kwanza jibu hilo utalifanyia nini. Kama unaandikisha watu wa kugawiwa mbegu, jina, kitongoji na namba ya simu vinatosha. Lakini ukitaka kujua kama wanawake wanapata mikopo sawa na wanaume, hapo uliza.

Na uliza kweli, usikisie kwa jina. Huku mpakani na Zambia, majina ya ukoo ya Kinyamwanga kwa desturi huanza na Si kwa mwanamume na Na kwa mwanamke. Binti akiandikishwa shule kwa jina la baba yake, karani mvivu humtupa upande wa Me.

Wapo pia wanaozaliwa na maumbile yasiyoangukia upande mmoja, yaani huntha. Kenya kuna mtoto aliyezaliwa 2009, karatasi zake za hospitali zikawekwa alama ya kuuliza kwenye nafasi ya jinsi. Mama yake alikwenda Mahakama Kuu, na hukumu ya Desemba 2014 ikaibana serikali ieleze nani atakusanya takwimu za watu hao. Sensa ya 2019 ikawahesabu: 1,524 kati ya watu 47,564,296. Mimi naamini ni wengi zaidi, maana karani husimama mlangoni na mtu mmoja hujibia kaya nzima, majirani wakisikiliza.

Kwa hiyo dodoso lako liwe na nafasi nne: mwanamke, mwanamume, huntha, sipendi kusema. Usiandike "wengineo", hakuna anayependa kuwa mabaki ya orodha. Mpe mtu karatasi na kalamu ajaze mwenyewe, na asiyejua kusoma muulize faraghani, si mkutanoni.

Kazi ngumu huja baada ya kuhesabu. Jedwali la kitongoji lenye mtu mmoja kwenye nafasi ya tatu ni sawa na kumtaja kwa jina. Unganisha hesabu za kata nzima, na zikibaki ndogo, usizibandike kabisa kwenye ubao wa matangazo. Fomu zenyewe zifungie kabatini, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja.